Skima au shema?

Mjini Kindu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtu aliyesomea kompyuta kwa Kifaransa husema shema. Nairobi na Dar es Salaam husema skima. Asili ni moja, neno la Kigiriki lenye maana ya umbo. Katika hifadhidata ni mpangilio wa majedwali: safu zipi zimo, za aina gani, zinaunganaje.

Matamshi hayanisumbui. Maana ndiyo inayoponyoka. Sekta ya afya ya Kongo hutumia DHIS2 kwa takwimu za wagonjwa na imetumia iHRIS kwa orodha ya watumishi. DHIS2 hukaa juu ya programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Matoleo ya zamani ya iHRIS yalikaa juu ya nyingine, MySQL. Ukiunda skima ndani ya MySQL, umeunda hifadhidata nzima. Ndani ya PostgreSQL umeunda fungu tu, na hifadhidata moja hubeba mafungu mengi.

Sasa fundi wa Kindu atakiwe kulinganisha wauguzi na wagonjwa wa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba. Akiambiwa "nakili skima", anakili nini?

Ninapendekeza skima, au shema, ibaki kwa mpangilio wa majedwali peke yake, na kile cha PostgreSQL tukiite fungu. Walimu wa kompyuta waanze na tofauti hiyo darasani, kabla wanafunzi hawajazoea kuchanganya.