Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Yanayomsubiri Mgonjwa Kabla na Baada ya Kisu

Kwa miaka mingi, mkaazi wa Unguja aliyehitaji upasuaji wa kupunguza uzito alilazimika kusafiri nje ya nchi, hasa India. Katika miaka ya karibuni huduma hiyo imeanza kutolewa hapa Tanzania, ikiwemo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, ambako pia wagonjwa huwekewa puto tumboni. Safari imefupika. Hata hivyo, matibabu yenyewe hayaishii chumba cha upasuaji, na mwananchi anayefikiria kuyafuata anapaswa kulifahamu hilo kabla ya kukata tiketi ya boti.

Nani anastahiki

Kipimo cha awali ni uwiano wa uzito na urefu: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 105 na urefu wa mita 1.60 anapata uwiano wa 41. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 25 kuwa ni uzito uliozidi na kuanzia 30 kuwa ni unene uliokithiri.

Mwaka 2022, jumuiya za kimataifa za madaktari wa upasuaji huu zilipendekeza utolewe kwa mtu mzima mwenye uwiano wa 35 na kuendelea, na ufikiriwe kwa mwenye 30 hadi 34.9 aliye na maradhi kama kisukari. Kwa maana hiyo, upasuaji huu ni tiba ya maradhi na haukusudiwi urembo. Tatizo lenyewe linakua: takwimu za kitaifa za afya zinaonesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri waliongezeka kutoka asilimia 18 katika utafiti wa 2004/05 hadi asilimia 28 mwaka 2015/16.

Njia zinazotumika

Puto si upasuaji. Huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa maji tumboni ili mtu ashibe mapema, na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Kichefuchefu na kutapika ni jambo la kawaida siku za mwanzo.

Katika upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo kupitia matundu madogo ya tumbo. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayozalisha kwa wingi homoni ya njaa; ndiyo maana wagonjwa wengi husema hamu ya chakula imepungua. Sehemu iliyoondolewa hairudishwi. Njia nyengine ni kutengeneza mfuko mdogo na kuuunganisha moja kwa moja na utumbo, ili chakula kipite njia fupi.

Wiki na miezi ya mwanzo

Mgonjwa huanza kwa vinywaji pekee, kisha vyakula vilivyosagwa, halafu vyakula laini, na kwa kawaida hurejea katika chakula kigumu baada ya wiki 6 hadi 8. Sahani ya biriani iliyokuwa ya mtu mmoja sasa huwa ya milo kadhaa. Samaki, mayai na kunde hutangulizwa kabla ya wali, na maji hayanywewi pamoja na chakula. Vitu vitamu kama halua vinaweza kumletea kizunguzungu, jasho na kuharisha yule aliyeunganishwa utumbo.

Wagonjwa wengi hupoteza takriban robo ya uzito wao wote au zaidi katika mwaka 1 hadi 2. Wenye kisukari huweza kuona sukari ikishuka ndani ya siku chache, hivyo dawa zao zinahitaji kupangwa upya na daktari. Nywele kukatika kati ya mwezi wa 3 na wa 6 huwashtua wengi, ingawa kwa kawaida huota tena. Wanawake hushauriwa kutoshika mimba kwa miezi 12 hadi 18. Aidha, kwa kuwa maji hunywewa kidogo kidogo mchana kutwa, anayetaka kufunga Ramadhani katika miezi hiyo anapaswa kwanza kupata ushauri wa daktari wake.

Lipo pia jambo lisiloonekana katika vipimo. Katika jamii yetu mwili mnene umekuwa ukihesabiwa ni dalili ya maisha mazuri. Anayepungua kwa kasi huulizwa anaumwa nini, na asiyemaliza sahani ugenini huonekana amedharau mwenyeji. Familia iliyoelezwa mapema humpunguzia mgonjwa mzigo huo.

Hatari na ufuatiliaji

Katika vituo vyenye uzoefu vifo ni vichache, lakini madhara makubwa yapo: kuvuja kwa mshono, kutokwa na damu, na damu kuganda miguuni au kwenye mapafu. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, kifua kubana au mguu mmoja kuvimba ni dalili za kwenda hospitali mara moja. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa Unguja asivuke bahari kurudi nyumbani mpaka daktari aliyempasua amruhusu.

Baada ya hapo hufuata vidonge vya vitamini na madini, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara kwa maisha yote. Anayeacha anaweza kupata upungufu wa damu na udhaifu wa mishipa ya fahamu, na uzito huweza kurudi kwa asiyebadili ulaji na mazoezi.

Wananchi wanashauriwa kuanza kwa daktari wa kituo cha karibu au Hospitali ya Mnazi Mmoja, na kutotumia dawa za kupunguza mwili zinazouzwa mitaani bila ya maelezo ya kitaalamu. Kabla ya kukubali upasuaji, mgonjwa aulize mambo matatu: gharama zote pamoja na za vidonge na vipimo vya baadaye, nani atamfuatilia akisharudi Unguja, na wapi atakwenda usiku ikiwa hali itabadilika. Aondoke na ripoti ya upasuaji kwa maandishi, kwani daktari atakayempokea hapa kwa dharura atahitaji kujua ni njia gani iliyotumika.