Mpigo wa Kuanzia (futiboli ya Kimarekani)

Mpigo wa kuanzia ni teke linalofungua kila kipindi kikuu cha futiboli ya Kimarekani, na hupigwa tena baada ya timu kufunga. Katika ligi ya NFL ulikuwa umedorora: kwenye fainali ya Super Bowl ya Februari 2024, hakuna hata mmoja uliorudishwa kwa mbio.

Mwezi uliofuata, wamiliki wa timu walipitisha sheria mpya iliyokopwa kutoka ligi ya XFL. Mpigaji husimama yadi 35 ya upande wake, lakini wenzake 10 hujipanga yadi 40 ya wapinzani, hatua chache tu kutoka kwa wazuiaji. Hawa wote hutulia tuli mpaka mpira uguse ardhi au mpokeaji katika eneo la kuangukia, kati ya mstari wa goli na yadi 20, au nyuma yake. Zile mbio ndefu za kugongana kwa kasi, chanzo cha majeraha mabaya, zimeondolewa.

Kwa makocha, kila yadi ina bei. Msimu wa 2024, mpira uliopitiliza hewani hadi eneo la goli uliwapa wapokeaji yadi 30, na wengi waliona bei hiyo inavumilika. Mwaka 2025 ikapandishwa hadi 35. Mpigaji mwenye teke la chini linalodunda ovyo akawa lulu.

Kilichopotea, na ni hasara kubwa, ni mshtukizo. New Orleans Saints waliwaduwaza Indianapolis Colts kwa teke fupi la ghafla wakifungua kipindi cha pili cha Super Bowl ya 2010, wakashinda 31-17. Kwa sheria za 2025, teke hilo lazima litangazwe kwanza, tena na timu iliyo nyuma pekee.