Nanasi, unga na makaa: historia ndani ya sufuria moja



Jumapili iliyopita umeme ulikatika, na mimi nilikuwa nimeshakata nanasi. Binamu yangu anayeishi Marekani alikuwa amenitumia kwa WhatsApp namna ya kupika kobla: matunda na sukari chini ya sufuria, unga uliokorogwa na maziwa na siagi juu yake, unaoka mpaka uso unageuka rangi. Yeye ana oveni. Mimi nina mbabula. Basi nikaweka sufuria juu ya moto mdogo, nikafunika, nikapanga makaa ya moto juu ya mfuniko. Mama akapita, akasimama: «Weye, unapika ao unachoma sufuria yangu?»

Tulikula, tukamaliza. Usiku nikaanza kujiuliza: ndani ya sufuria ile, kitu gani kilikuwa chetu?

Tuanze na moto. Kobla ni chakula cha watu waliokosa. Wahamiaji wa Kiingereza walifika Amerika wakiwa wamezoea pai na pudingi za kwao, lakini wengi hawakuwa na oveni. Walikuwa na chungu kizito cha chuma chenye mfuniko, wakaweka makaa chini na juu. Sasa ukienda pwani ya Waswahili, kuna neno la kazi hiyo hiyo: kupalia makaa. Huku kwetu neno sikulisikia, lakini kazi yenyewe nimeiona tangu utoto, kila mara kulipokuwa na keki ya sikukuu na hakuna oveni. Kwa hiyo binamu hakunifundisha kitu kigeni sana.

Nanasi nalo ni mgeni. Asili yake ni Amerika Kusini. Columbus alilikuta Guadeloupe mwaka 1493. Wareno walikuwa wamefika mdomo wa mto wetu mwaka 1482, na baadaye meli zao zikavusha mimea ya Amerika mpaka Afrika: nanasi, mahindi, mihogo. Ndiyo, mihogo! Sombe na fufu tunazoziita chakula cha mababu nazo zilivuka bahari. Hata makemba tunayotwangia lituma asili yake ni Asia, ingawa yako Afrika tangu zamani sana. Mtu asituambie basi kwamba chakula kikitoka mbali hakiwezi kuwa chetu. Kinakuwa chetu siku tunapokilima.

Hapo ndipo unga wa ngano unaponisumbua. Mimi ni mwanakilimo, nina lisansi, na naweza kukuambia wazi: ngano haipendi Tshopo. Joto ni jingi, unyevu ni mwingi, magonjwa yanaimaliza. Inalimwa kwenye milima ya baridi, kama kule Lubero, Kivu ya Kaskazini, lakini ngano nyingi ya nchi hii inanunuliwa nje. Mfuko wa unga unapanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, kabla ya kufika soko letu. Ukoloni ulituachia mkate wa asubuhi, haukutuachia shamba la ngano.

Mchele ni habari nyingine. Mpunga uliingia huku katika karne ya 19 pamoja na watu wa pwani, ndio hao walioleta Kiswahili. Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na watu wake walilima mpunga kuzunguka maporomoko. Tusifiche: walileta pia bunduki na utumwa, na mashamba yale yalilimwa na watumwa wengi. Lakini mpunga ulibaki mikononi mwa wanakijiji. Kisha mwaka 1933 Wabelgiji wakaanzisha INEAC, na Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka hapa, ikawa makao makuu ya utafiti wake. Tunapenda kusema Yangambi ni michikichi na kahawa. Tunasahau kwamba mpunga wa OS6 ulitoka pale, ukaenda kulimwa mpaka Nijeria.

Kwa nini nasema haya? Mama alinisomesha kwa mikate ya kukaanga, ile anayouza kwenye beseni mbele ya nyumba. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya unga ikapanda. Yeye hakuweza kupandisha bei, watoto wa shule wanakuja na noti moja tu. Akapunguza donge. Wateja wakasema, «Mama, mikate imekonda.» Siku nyingine hakukaanga kabisa. Vita viko mbali namna ile, na ada yangu ndiyo iliumia. Shuleni nilikuwa nimefundishwa mpunga miaka mizima, na nyumbani tulikuwa tunangoja ngano.

Basi Jumapili hii nilirudia kobla. Niliosha mchele wa njia ya Banalia, nikaulowesha usiku, nikaukausha kidogo, nikausaga kwa mashine ya mtaani. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, kwa hiyo mikate ya Mama hauwezi kuiumua peke yake. Lakini kobla haihitaji kuumuka sana. Kikombe kimoja cha unga huo, kikombe cha maziwa, yai moja, siagi kijiko kikubwa, levire ya keki kijiko kidogo, chumvi kidogo. Chini, nanasi moja lililoiva na sukari vijiko vitatu. Makaa machache chini, mengi juu, dakika arobaini hivi.

Uso ulikuwa mkavu kidogo, unavunjika. Mama alionja, akanyamaza, akaonja tena. «Sukari ni nyingi,» akasema. «Na hii kipande moja, utauza ngapi?»

Tumekata sufuria vipande kumi na viwili, tunapiga hesabu ya makaa na mchele. Kesho asubuhi vitakuwa kwenye beseni, kando ya mikate. Mliosoma kilimo ao uchumi, leteni mawazo hapa chini, hasa juu ya bei ya kusaga.