Aliyetolewa polipi tumboni, kwa nini huambiwa arudi?

Polipi ni kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo mpana. Nyingi hazina ubaya, lakini kuna zinazogeuka saratani polepole, kwa miaka mingi. Ndiyo maana aliyetolewa polipi, au aliyepasuliwa saratani ya utumbo, huambiwa na munganga arudi kupimwa hata kama hasikii maumivu.

Zamani, polipi iliyo mbali ndani ya utumbo haikutoka bila kupasua tumbo. Mambo yalibadilika mwaka 1969 katika hospitali ya Beth Israel, New York. Waganga William Wolff na Hiromi Shinya walipitisha mpira mwembamba wenye taa kwa njia ya haja kubwa, wakaikata polipi kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Kipimo hicho huitwa kolonoskopi.

Likabaki swali: mgonjwa arudi baada ya muda gani? Mwaka 1980, Sidney Winawer na wenzake walianza utafiti mkubwa Marekani. Watu 1.418 waliotolewa polipi waligawanywa makundi mawili: moja lilirudi baada ya mwaka 1 na tena baada ya miaka 3, lingine baada ya miaka 3 tu. Matokeo ya mwaka 1993 yalionyesha kwamba polipi za hatari zilikuwa sawa pande zote mbili. Kungoja miaka 3 kulitosha.

Raisi Ronald Reagan wa Marekani ni mfano unaojulikana. Julai 1985 alienda kutolewa polipi ndogo. Kamera ilipopita utumbo wote, ilikuta nyingine kubwa. Akapasuliwa kesho yake, na ikaonekana ni saratani. Miaka iliyofuata alirudi kupimwa, akatolewa polipi nyingine ndogo. Alifariki mwaka 2004, akiwa na miaka 93, wala si kwa saratani hiyo.

Leo, kwa mwongozo wa waganga wa Marekani wa mwaka 2020, mwenye polipi 1 au 2 za kawaida, zisizofika sentimeta 1, hurudi baada ya miaka 7 hadi 10. Mwenye polipi kubwa, au aliye nazo 5 hadi 10, hurudi baada ya miaka 3. Aliyepasuliwa saratani hurudi baada ya mwaka 1, kisha miaka 3, kisha 5, ikiwa kila mara utumbo umekutwa safi.

Kwa hiyo tarehe hutegemea idadi ya polipi, ukubwa wake na jibu la laboratwari. Yote hayo yameandikwa kwenye fishi ya hospitali. Familia nyingi zilizokimbia vita ziliacha karatasi nyumbani, na munganga mpya hawezi kukisia. Aliye na fishi aipige picha kwa simu, na amtumie ndugu nakala. Aliyeipoteza amweleze munganga alichotolewa, wapi na mwaka gani.

Na anayeona damu katika choo, au anayekonda bila sababu, asingoje tarehe. Aende hospitali mara moja.