Nani Alipiga Gitaa Hili?

Santuri za zamani za Nairobi ziliandika jina la mwimbaji na la bendi, basi. Mpiga solo hakutajwa, wala wa ridhimu, wala wa besi. Kwingineko pia mambo kama hayo yalitokea: solo ya "Taxman" ya Beatles, mwaka wa 1966, ilipigwa na Paul McCartney ingawa mpiga solo wa bendi alikuwa George Harrison. Lakini hao wameandikiwa vitabu. Wapigaji wetu wamehifadhiwa zaidi na masikio ya wazee, na wazee wanatuacha.

Tongaren, magharibi mwa Kenya, ni mahali pazuri pa kuanzia kusikiliza. Mashamba ya walowezi yalipogawanywa miaka ya 1960, Wabukusu walihamia huko pamoja na Waluhya wengine, na kila mmoja akaja na muziki wa kwao. Wabukusu walikuwa na litungu, ala yao ya nyuzi. Kusini, upande wa Kisa, George Mukabi alikuwa amelipa jina kubwa gitaa kavu, lisilo la umeme, la mtindo wa omutibo kabla ya kifo chake mwaka wa 1963.

Kwa gitaa la namna hiyo, swali la kwanza ni idadi ya mikono. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Katanga, Kongo, mwaka wa 1952, "Masanga" ilipigwa kwa gitaa moja tu, ila asiyejua angeapa ni mawili. Siri ni kidole gumba kinachoshika nyuzi nene huku cha shahada kikiimba kwenye nyembamba. Sikiliza mwimbaji anapofungua kinywa: nyuzi nyembamba zikipunguza mbio, kuna uwezekano mkubwa anayeimba ndiye anayepiga. Zikiendelea kukimbia kama hapo awali, tafuta mtu wa pili. Abana ba Nasery wa Bunyore walikuwa na Shem Tube kwenye gitaa la kuongoza, Justo Osala kwenye la pili, na Enos Okola akikwaruza mbavu za chupa ya Fanta. Chupa hiyo nayo ni ala, na mkwaruzo wake unastahili kutajwa kwa jina la mwenyewe.

Magitaa ya umeme yalileta ugumu zaidi. Katika studio ya Equator, Nairobi, Daudi Kabaka, Fadhili William, Nashil Pichen na Peter Tsotsi walifanya kazi chini ya paa moja, na yeyote angeweza kumpigia mwenzake. Hivyo jina lililo kwenye lebo linakuambia nani aliimba. Halithibitishi nani alipiga.

Hapo ndipo tarehe inaposaidia. Novemba 1978, Omar Shabani wa ridhimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma waliondoka bendi ya Simba Wanyika, wakaungana na mwimbaji Issa Juma kuunda Les Wanyika. John Ngereza alijiunga nao baadaye. Katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ridhimu inayozunguka bila kuchoka ni ya Shabani, na kwangu ndiyo uti wa mgongo wa wimbo wote. Ukiijua ridhimu hiyo vizuri, rudi kwenye santuri za Simba Wanyika za kabla ya mwezi ule na uitafute chini ya solo ya Wilson Kinyonga.