Plassein: Kufinyanga, Kuchonga au Kuumba?

Kitenzi cha Kiyunani cha kale plassein hakifai kufasiriwa kwa neno "kuchonga", ijapokuwa mara nyingi hutajwa katika habari za sanamu. Mchongaji hupunguza, hukata jiwe au mti mpaka sura ibaki, na kazi hiyo Wayunani waliiita glyphein. Plassein ni kazi ya mkono juu ya kitu laini, udongo au nta, kinachobonyea na kupokea umbo. Hesiodos alikitumia aliposimulia jinsi Hephaistos alivyomfanya mwanamke kwa udongo. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79, asimulia kwamba msanii Pasiteles aliuita ufinyanzi mama wa uchongaji, wala hakutengeneza kitu asichokifinyanga kwanza.

Toka udongoni neno likaingia katika usemi. Xenophanes, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, aliziita hadithi za vita vya majitu plasmata, yaani vitu vilivyofinyangwa na watu wa zamani. Na plastos likapata maana ya "cha kubuniwa", hata "cha uongo".

Kiswahili nacho kina neno lililotoka kwa mfinyanzi, ila njia yake ni nyingine. Waganda husema kubumba, na Wazulu ukubumba, kwa kazi ya kufinyanga vyungu. Kitenzi hicho ndicho "kuumba" chetu, kilichopoteza b yake ya kwanza. Kwetu hakikushuka kwenye uongo bali kilipanda: kikatupa Muumba, umbo na umbile, na udongo ukasahauliwa. (Aliyeumbuliwa, bila shaka, hakumbuki chungu.)

Usahaulifu huo una matokeo kwa mfasiri. Katika Mwanzo 2:7 Waebrania walitumia yatsar, kitenzi ambacho kwacho hupatikana jina la mfinyanzi, na wafasiri wa Septuaginta wakaweka plassein barabara. Mwanzo 1:1 wakaweka poiein, "kufanya". Biblia ya Kiswahili ya Union, ya mwaka 1952, imegeuza mambo: "kuumba" kiko katika 1:1, na katika 2:7, penye udongo wenyewe, kiko "kufanya". Siwalaumu, kwa kuwa Waswahili wa siku zao hawakusikia tena chungu katika "kuumba". Lakini anayefasiri plassein kwa wasomaji wa Kiswahili, naona, aandike "kufinyanga", hata pale mfinyanzi anapokuwa Mungu.