Nusukaputi na Mawimbi ya Ubongo Kanda ya Ziwa

Neno nusukaputi, ambalo Kiswahili hulitumia kwa dawa ya kumlaza mgonjwa anayepasuliwa, kwa kawaida huelezwa kuwa limeunganisha “nusu”, lenye asili ya Kiarabu, na neno la Kijerumani la kitu kilichoharibika au kwisha kabisa, na maelezo hayo yanalingana na historia ya Mwanza, mji ulioanza kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1892. Jina hilo limelenga vizuri, kwa kuwa mgonjwa aliyepewa dawa hiyo hajalala kama alalavyo mtu usiku, ambaye kisu kingemwamsha mara moja, wala hajafa. Yuko mahali fulani katikati, na kujua ni mahali gani hasa ndiyo kazi ngumu ya fani hii tangu mwanzo wake.

Ujuzi wenyewe wa kumlaza mgonjwa ulikuwapo katika nchi za maziwa kabla ya Wajerumani. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza Robert Felkin, aliyesomea udaktari Edinburgh, alishuhudia huko Bunyoro, kaskazini-magharibi ya Ziwa Victoria, mwanamke mwenye umri wa miaka ishirini hivi akipasuliwa ili mtoto atolewe, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1884. Mama huyo, ambaye alikuwa amefungwa kitandani kwa vitambaa vya magome ya mti, alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi kwa wingi hadi akalewa nusu. Mpasuaji aliitumia pombe hiyohiyo kunawa mikono na kuosha tumbo la mgonjwa, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akafunga kidonda kwa vijiti saba vya chuma vilivyochongoka na kuzungushiwa nyuzi za magome. Kwa mujibu wa Felkin, siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto walikuwa hai. Inastahili kukumbukwa kwamba etha, dawa ya usingizi, ilikuwa imeonyeshwa hadharani kule Boston mwaka 1846 tu, miaka 33 kabla ya upasuaji huo wa Bunyoro.

Iwe kwa pombe, etha au klorofomu, kina cha usingizi kilipimwa kwa macho na vidole: mwendo wa pumzi, mapigo ya mshipa, ukubwa wa mboni, machozi, na jinsi misuli inavyolegea. Njia nyingine ilifunguka kule Jena, Ujerumani, ambako Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kutangaza matokeo mwaka 1929, akionyesha kwamba mtu aliyetulia na kufumba macho hutoa mawimbi ya takriban kumi kwa sekunde, yaliyoitwa alfa. Kufikia mwaka 1937 watafiti wa Marekani walikuwa wamependekeza kwamba mawimbi hayo, kwa kuwa hubadilika dawa inapoongezwa, yangeweza kumwonyesha mtoa dawa umbali aliofika mgonjwa wake. Kwa propofoli, dawa nyeupe kama maziwa inayodungwa mshipani, mawimbi makubwa ya polepole, chini ya manne kwa sekunde, hutanda ubongoni huku alfa ikijitokeza zaidi upande wa paji la uso. Dozi ikizidi, mstari wa mawimbi hunyooka kwa sekunde kadhaa, ukafumka, ukanyooka tena.

Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima cha Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya dawa nyingine ya usingizi, ketamini, kuidhinishwa Marekani. Na mwaka 1985, serikali ilipoirudisha hospitali hiyo kwa Kanisa baada ya kuitaifisha mwaka 1972, Shirika la Afya Duniani liliiingiza ketamini katika orodha ya dawa muhimu. Dawa hiyo ndiyo iliyowafaa watu wa hospitali ndogo za Afrika Mashariki, kwa sababu haihitaji mashine ya gesi, na kwa kawaida humwacha mgonjwa akipumua mwenyewe bila shinikizo la damu kushuka, jambo la uhai na kifo pale umeme unapokatika au oksijeni inapokosekana.

Hata hivyo, ketamini haifuati kanuni ya mawimbi. Badala ya kuupunguza mwendo wa ubongo, huzalisha mawimbi ya kasi, kiasi kwamba kipimo kinachoyageuza mawimbi kuwa namba kati ya 0 na 100, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1996, huweza kumhesabu kuwa karibu na kuamka mtu asiyehisi kisu. Chombo kilichotungwa kwa kufuata tabia ya dawa za hospitali tajiri hakikuwa na jibu la haraka kwa dawa inayotumika zaidi kwa maskini, na pengo hilo ni la haki kama lilivyo la sayansi. Kwa hiyo mtoa dawa ya usingizi wa hospitali ya wilaya huendelea kushika mshipa kwa vidole na kutazama kifua kikipanda na kushuka, huku mgonjwa wake, macho wazi, mboni zikitikisika taratibu kutoka upande hadi upande, akikodolea dari asilolifahamu.